Bei ya Tetesi

Kazi ya kwanza niliyofundishwa katika duka la vitabu vya katuni mjini Columbus, jimbo la Ohio, ilikuwa kuhesabu kurasa na kutafuta matundu. Ulikuwa mwaka 2013. Siku za kazi nilikuwa nikiendesha forklift kwenye ghala, na Jumamosi nikapata kibarua pale dukani cha kupanga maboksi. Mwenye duka, mzee wa miaka sitini na ushee, alinituma kwanza ninawe mikono na kuikausha vizuri. Kisha akaweka mbele yangu The Incredible Hulk toleo la 181, la Novemba 1974, akaniambia nilifungue taratibu hadi ukurasa wa barua za wasomaji.

"Tazama kama kuna tundu," akasema.

Tundu lilikuwepo. Mraba mdogo uliokatwa kwa mkasi, ukingo mmoja umekwenda upande, kazi ya mkono wa mtoto. Miaka ile kampuni ya Marvel ilikuwa ikichapa stempu ndogo kwenye ukurasa huo, na watoto wakihimizwa wazikate wazibandike kwenye kijitabu chake. Toleo hilo ndilo ambalo Wolverine anaonekana kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima. Lilipotoka liliuzwa senti 25. Leo likiwa kamili na safi ni maelfu ya dola, lakini likiwa na tundu lile thamani yake inaanguka vibaya. Mzee alilirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, akaniambia nisimlaumu yule mtoto. Alinunua kitabu akasome, akasoma, akakata stempu yake. Alichofanya ndicho alichoambiwa na waliokichapa.

Mimi nimekulia Tanga, Ngamiani, na vitabu vya katuni nilivijulia kwa kinyozi. Ilikuwa Sani. Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa, hao ndio walikuwa watu wetu. Nakala moja ilikaa pale kwa kinyozi miezi, ikipita mikono ya kila aliyesubiri zamu, mpaka jalada likatoka, kurasa za mbele zikafuata. Sisi wadogo tulikuwa tunaianza hadithi katikati, mwanzo tukisimuliwa na wakubwa waliowahi kuuona. Ikishachakaa kabisa ilikwenda kwa mama muuza bagia, ikafungiwa bagia, na wapo waliokula huku wanasoma kipande kilichobaki. Kwa hiyo nilipofika Marekani nikakuta kitabu cha katuni kinashikwa kwa mikono iliyonawa kama msahafu, nilishangaa, na mshangao ule haujaniisha mpaka leo.

Ukikaa dukani unajifunza haraka bei zile za magazetini zimetoka wapi. Action Comics toleo la 1, la Juni 1938, alimozaliwa Superman, lilitoka kwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Nakala zilizobaki duniani zinakadiriwa kuwa mia moja hivi tu, na sababu ya uchache huo ni kwamba zilisomwa zikaisha. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, watoto wa Marekani waliombwa kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na magunia ya katuni yakaenda humo. Baada ya vita wakaja wazazi na viongozi wa dini walioziona zinaharibu watoto, na katika miji kadhaa zikachomwa moto hadharani. Zilizobaki zikatupwa na akina mama waliosafisha vyumba watoto wao walipokwenda jeshini au chuoni. Kile kilichopona hayo yote kina haki ya kuwa ghali. Na bei yake ilianza kupanda kabla ya sinema. Kitabu maarufu cha mwongozo wa bei, cha Overstreet, kilianza kuchapwa mwaka 1970, miaka minane kabla Christopher Reeve hajavaa joho jekundu la Superman.

Tangu mwaka 2000 kuna kampuni huko Florida iitwayo CGC ambayo hukagua kitabu, hukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu. Mkunjo mdogo mgongoni unakata alama. Kutu kwenye pini inakata. Karatasi iliyoanza kuwa ya manjano, doa la kidole penye wino mweusi, vyote vinakata. Amazing Fantasy toleo la 15, la Agosti 1962, ambalo Spider-Man alianzia humo, lilitoka kwa senti 12. Nakala yake iliyopata alama 9.6 iliuzwa Septemba 2021 kwa dola milioni 3.6. Lakini ukilivunja kasha ili usome, alama imekufa. Nimewahi kushika kasha la aina hiyo nikalielekeza kwenye taa, nikaona jalada mbele na jalada nyuma. Hadithi imo katikati, na hakuna mtu atakayeisoma tena katika nakala ile.

Siku moja ya mwaka 2014 alikuja mama mmoja na gari dogo, buti limejaa. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Tulishusha maboksi manane, yale marefu meupe ambayo boksi moja linaingia vitabu zaidi ya mia mbili. Kila kitabu kilikuwa kwenye mfuko wake, na nyuma yake kipande cha kadibodi kisipinde. Marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko mzuri sana, tarehe aliyokinunua na bei aliyolipa. Mama yule alituambia mumewe alikuwa akimwambia kwamba ndani ya maboksi hayo imo ada ya chuo ya mtoto wao.

Nilianza kutoa. Superman toleo la 75, lile la kifo chake, la mwaka 1992, ndani ya mfuko mweusi usiofunguliwa. Nikatoa la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja. Kisha X-Men toleo la 1 la mwaka 1991, lenye majalada tofautitofauti, nakala ishirini na kitu. Mzee alikuwa amesimama kando yangu na sikumsikia akisema neno. Ile X-Men iliuzwa nakala zaidi ya milioni nane, na haijatokea toleo lingine la katuni nchini humo lililofikia hapo. Superman yule naye alichapwa kwa mamilioni, na watu walipanga foleni barabarani kumnunua, wengine nakala kumi kumi, na hawakufungua mfuko. Wote walikuwa wamesikia habari ya ile Action Comics ya 1938 wakadhani ni jalada ndilo lililoleta fedha, au kifo, au namba moja. Hawakuuliza ni nakala ngapi zitapotea ikiwa kila mtu ametunza ya kwake.

Mzee alimpa dola mia mbili kwa yote manane, na ninajua aliongeza kwa huruma, kwa sababu chini ya duka alikuwa na maboksi yake mwenyewe ya miaka ile. Ulanguzi ule ulipoporomoka, maduka mengi sana yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikafika mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Yule mama alihesabu zile fedha polepole. Aliomba arudishiwe kitabu kimoja tu, kile ambacho mumewe alikuwa ameandika pembeni: siku ya harusi yetu. Nilikitafuta nikampa. Kilikuwa ni kitabu cha dola moja.

Nilipaswa kuwa nimeelimika siku ile. Lakini tamaa haiji na sura ileile mara mbili. Ya miaka ya tisini ilikuja na mifuko myeusi na majalada yanayometa. Ya kwetu ilikuja na filamu.

Mwaka 2002 Spider-Man alipoingia kwenye sinema, watu waliona kwamba filamu inaweza kuleta wateja wapya. Mwaka 2009 Disney ikainunua Marvel kwa dola bilioni 4, na kila mwaka zikawa zinatoka filamu mbili, tatu. Pale dukani tukaanza kuishi kwa kalenda ya Hollywood. Ikitoka tetesi kwamba mhusika fulani ataingia filamuni, simu zinaanza kulia kabla ya saa nne asubuhi. Tetesi ikithibitishwa, bei inapanda. Akitajwa mwigizaji, inapanda tena. Trela ikitoka, ndiyo kilele. Filamu yenyewe ikifika, mara nyingi bei inaanza kuteremka siku ya Ijumaa ileile inapoonyeshwa, kwa kuwa kila aliyenunua ili auze amekuja kuuza siku moja na mwenzake.

Black Panther ndiyo iliyonigusa zaidi. Alianzia katika Fantastic Four toleo la 52, la Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Filamu ilitangazwa Oktoba 2014, na Chadwick Boseman akatajwa palepale kuwa ndiye mfalme T'Challa, Black Panther mwenyewe. Kuanzia hapo nakala zilizokuwa zikikaa ukutani miezi bila kuulizwa zikawa hazimalizi wiki. Februari 2018 filamu ilipofika, sisi Waafrika Mashariki wa Columbus tulikwenda kwa makundi, kina mama wamevaa vitenge, watoto wamevalishwa kanzu na kofia. Lupita Nyong'o alipotokea ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Huyu ni binti wa Wakenya, tunamjua baba yake. Sijawahi kuona furaha ya namna ile ndani ya jumba la sinema.

Jumamosi iliyofuata akaja dukani mama mmoja wa Mombasa na mwanawe wa miaka tisa.

"Kakangu, huyu mtoto hajalala," akaniambia. "Anataka kitabu cha yule mfalme."

Mtoto alikuwa amekwisha kukiona ukutani. "Anko, ni kile?"

Kilikuwa ni kile, Fantastic Four 52, ndani ya kasha, alama 7.0, na bei yake ilikuwa inalingana na kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Nikamweleza kwamba kile hakifunguliwi. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia kuna maji yasiyonyweka. Tulikwenda nyuma, kwenye rafu za vitabu vilivyochapwa upya, nikampa kitabu kinene chenye hadithi zilezile za Lee na Kirby, dola kumi na kitu. Alikaa sakafuni akaanza kukisoma kabla mama yake hajalipa. Baadaye akaniuliza kama ni kweli Storm wa X-Men ni Mkenya. Nikamwambia ndiyo. Mama yake Storm ni binti wa ukoo wa kifalme Kenya, na katika Giant-Size X-Men toleo la 1, la mwaka 1975, Kenya ndiko anakokutwa watu wakimwabudu kwa sababu anaita mvua. Yule mtoto aligeuka akamwambia mama yake kwa sauti ya duka zima, "Mama, Storm ni wetu!"

Sasa niseme ukweli upande wa pili. Filamu si uongo mtupu. Wako waliokuja dukani kwa sababu ya sinema wakabaki kuwa wasomaji wa kudumu, na yule mtoto ni mmojawapo; tuliendelea kumwekea matoleo yake kila mwezi. Ipo pia mifano ambayo bei ilipanda kwa haki. The Walking Dead toleo la 1, la Oktoba 2003, lilichapwa nakala 7,300 hivi tu, mchoro wa nyeusi na nyeupe, na halikuwa na matangazo makubwa. Mchezo wa televisheni ulipoanza mwaka 2010 mamilioni walitaka kujua hadithi ilianzia wapi, na nakala hazikuwepo za kuwatosha. Pale wingi wa wanaotaka umekutana na uchache wa kweli. Wolverine naye alikuwa amependwa robo karne kabla Hugh Jackman hajamwigiza. Mahali ambapo wasomaji walikuwepo tangu zamani na nakala ni chache, filamu imekuta shamba limelimwa. Pengine pote, kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ile, niliona inapandisha bei na kuondoka.

Mwaka 2020 ulipokuja na korona watu walifungiwa ndani, na serikali ikawatumia hundi za kuwasaidia: dola 1,200, kisha 600, na Machi 2021 dola 1,400. Wengi walilipia chakula na kodi. Wengine walinunua kadi za Pokémon, viatu, katuni. Bei zilipaa kila wiki. Niliwaona vijana ambao hawajawahi kusoma hata toleo moja wakiongea kama madalali wa kahawa. Na mimi, niliyeshika maboksi ya yule mama, nikaingia.

Nyumbani tulikuwa tunacheza upatu, watu kumi, dola mia tatu kwa mwezi, na zamu yetu ilikuwa Machi 2021. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba fedha ile ni ya paa la nyumba ya mama Tanga, mabati yalikuwa yamekwisha kuoza kwa chumvi ya bahari. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa akija kwetu Jumapili na simu yake imejaa picha za vitabu.

"Shemeji, wewe unafanya kazi dukani kabisa, halafu unaangalia tu wenzio wanapata," akaniambia. "Filamu ya Eternals inatoka Novemba. Kwa nini usinunue sasa?"

Nikanunua. Nakala kumi za The Eternals toleo la 1, la Julai 1976, kwa dola 80 kila moja, kwenye maonyesho ya vitabu. Dola 800 za mama. Na jambo linaloniuma ni hili: mwaka 2014, kwa mikono yangu mwenyewe, niliwahi kuzipanga nakala za toleo hilohilo kwenye boksi la dola tano. Hazikuwa zimebadilika hata ukurasa mmoja. Ni Jack Kirby yuleyule, rangi zilezile, hadithi ileile ambayo haikuwahi kupata wasomaji wengi hata Kirby alipokuwa hai. Kilichoongezeka ni tangazo. Yule aliyeniuzia alikuwa amezinunua kabla ya tangazo, akawa amekwisha vuna, na mimi nikawa ndiye mavuno yake. Kirby mwenyewe alifariki mwaka 1994, hakuona chochote katika fedha hizi, kama vile Jerry Siegel na Joe Shuster walivyolipwa dola 130 mwaka 1938 wakakabidhi haki zote za Superman.

Novemba 2021 nilikwenda kuiona Eternals na shemeji. Ukumbi ulikuwa nusu. Wakosoaji walikuwa wameipokea kwa ubaridi, na nilipoangalia nyuso za watu wakati taa zinawaka niliona hakuna aliyetoka na hamu ya kwenda kutafuta kitabu. Lakini mwishoni kabisa, baada ya majina kupita, ikasikika sauti ya mtu asiyeonekana. Ilikuwa ni sauti ya Mahershala Ali, Blade mpya aliyetangazwa tangu Julai 2019. Shemeji alinishika mkono gizani. "Hiyo ndiyo itarudisha," akasema. Wiki ile ile nikanunua Tomb of Dracula toleo la 10, la Julai 1973, alimoanzia Blade, likiwa ndani ya kasha, alama 6.5, kwa dola 850. Zilitoka kwenye akiba yetu, na mke wangu sikumwambia.

Filamu ya Blade iliahirishwa, ikabadilishiwa tarehe, ikaahirishwa tena. Nilikuwa nafungua simu usiku kutafuta habari zake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Agosti 2022 niliona Warner Bros. wameitupa filamu ya Batgirl ambayo ilikuwa imekwisha pigwa picha, na hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyekuwa ameshika kamba ya gunia ni ofisi moja ya California ambayo haijui kama nipo duniani. Wanaweza kufuta filamu kwa barua ya mistari miwili kwa sababu zao za kodi na mahesabu, na bei ya kitabu kilichochapwa nikiwa sijazaliwa ikaanguka Columbus na London siku hiyohiyo. Oktoba 2024 Blade ikaondolewa kwenye ratiba.

Zile Eternals nilikuwa nimeziuza mwaka 2023, dola 20 kila moja. Blade niliiuza mwisho wa 2024 kwa dola 410. Nilipoteza dola 1,040, bila kuhesabu kitu kingine ambacho hakina hesabu, kwamba ilibidi nimweleze mke wangu, kisha nimpigie mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Nikamwambia yote, sikuficha. Alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza hivyo vitabu vilikuwa vinahusu nini. Nikajaribu kumsimulia habari za Eternals, na nikagundua siwezi. Nilikuwa nazo nakala kumi kwa miaka miwili na sikuwahi kukaa kitako nikaisoma hata moja kwa kuogopa kuishusha alama. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Wewe mtoto uliyekuwa unasoma mpaka karatasi ya bagia."

Columbus kuna maktaba na makumbusho ya katuni ya Billy Ireland, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, kiingilio bure. Kwa miaka mingi nilipita nje nikienda kazini. Baada ya simu ile niliingia. Sehemu kubwa ya hazina yao ilitoka kwa mtu mmoja wa San Francisco, Bill Blackbeard, ambaye maktaba zilipoanza kutupa magazeti ya zamani kwa kuwa yamehamishiwa kwenye filamu ndogo, yeye aliyachukua akajaza nyumba. Mwaka 1998 yalipohamishiwa Ohio uzito wake ulikuwa tani 75 hivi, yakasafirishwa kwa malori. Mengi ni vipande vya magazeti ambavyo sokoni havina bei ya kutajwa. Nilimwomba mhudumu, akaniletea, nikakaa chumba cha kusomea nikafungua kurasa za zaidi ya miaka mia moja kwa vidole vyangu. Hapakuwa na kasha. Nilisoma mpaka walipofunga.

Mwaka 2025 nilikwenda Tanga. Paa lilikuwa limekwisha ezekwa, kwa kuchelewa miaka mitatu. Nilizunguka kutafuta Sani za miaka ile, kwa vinyozi, kwa wauza magazeti, kwa wazee waliokuwa vijana wakati wetu. Kila mtu alikumbuka Lodi Lofa, watu walisimulia vituko vyake wakicheka mpaka machozi, lakini nakala hazikuwepo. Baada ya siku sita nilipata tatu, chini ya godoro la fundi cherehani mmoja Barabara ya Kumi na Nne, moja haina jalada. Nilimuuliza anauza kiasi gani. Alishangaa swali lenyewe, akanipa zote, akakubali soda.

Superman wa mfuko mweusi bado wapo kwa mamilioni kwenye vyumba vya chini vya Marekani, wamefungwa vizuri. Sani ya utoto wangu, iliyosomwa na mtaa mzima, nimezunguka mji siku sita nikapata tatu. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna nakala yoyote, ya Sani au ya katuni yetu nyingine ya zamani, hata iliyochanika, usiifungie bagia na usingoje itengenezewe filamu. Ipeleke maktaba ya mkoa au chuo kilicho karibu nawe, na kabla hujaipeleka, isome.